Maswali ya Wasomaji: Klachi Inayolia Katika Pikipiki ya Zamani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu kifaa kidogo ambacho mwenye pikipiki hukisikia kabla hajawahi kukiona, nacho ni beringi ya rilizi, ile inayopokea nguvu ya leva kupitia waya na kuisukuma klachi wakati klachi yenyewe inazunguka. Nimechagua barua nne na kuzifupisha bila kugusa hoja zake. Mmoja wa waandishi tayari amenunua beringi isiyoingia popote kwenye pikipiki yake, na mwingine ameinunua ileile mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa hiyo nitasisitiza kupima kabla ya kufungua.

*Shikamoo fundi. Mimi ni msichana wa Kisauni na nimerithi kwa marehemu babu yangu BMW R75/6 ya mwaka 1974. Ilikaa bandani muda mrefu, ikafufuliwa, na sasa inatembea vizuri, ila nikibana leva ya klachi husikika mlio wa kukwaruza kutoka nyuma ya giaboksi, na nikiachia unapotea. Gereji niliyoipeleka wanasema beringi ya klachi imekufa na ni lazima giaboksi ishushwe. Je, hakuna njia fupi? Na nitajuaje kwamba ni hiyo beringi kweli, maana spea zake zinaagizwa ng'ambo?*

Marahaba mwanangu, na babu yako Mungu amrehemu. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloamua kama la kwanza lina maana.

Beringi ya rilizi hufanya kazi pale tu leva inapobanwa. Leva ikiwa imeachiwa, na waya ukiwa umerekebishwa sawasawa, beringi hiyo haibebi mzigo wowote na haina sababu ya kulia. Beringi za shafti ya kwanza ya giaboksi, ile inayozungushwa na klachi, ziko kinyume chake: injini ikiwaka na gia ikiwa frii, shafti hiyo huzunguka muda wote leva ikiwa imeachiwa, na hutulia leva inapobanwa. Basi weka pikipiki juu ya stendi ya kati, iwashe, acha injini ipate moto, weka gia frii, kisha bana na kuachia leva polepole huku umegusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye mgongo wa giaboksi na kuweka mpini wake sikioni. Mlio ukija kwa kubana na kupotea kwa kuachia, ni rilizi. Mlio ukiwapo wakati leva imeachiwa na kupotea unapobana, rilizi haina hatia, na hapo ndipo gereji yako itakuwa na haki ya kuzungumza habari ya kushusha giaboksi. Ipo hali ya tatu, ya mlio ambao haukomi kabisa bali hubadilika sauti tu leva inapobanwa, na mara nyingi huo husababishwa na waya uliokazwa kupita kiasi hata beringi ikawa inasukumwa wakati wote. Katika hali hiyo waya hulegezwa kwanza, mtu akasikiliza tena, ndipo akahukumu. Kwa maelezo yako, wewe uko katika hali ya kwanza.

Sasa swali la giaboksi. Katika BMW za miaka hiyo zenye silinda mbili zilizolala, klachi ni pleti moja kavu iliyofungwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kati ya injini na giaboksi. Fimbo nyembamba ya chuma hupita ndani ya shafti ya kwanza ya giaboksi, ambayo ina tundu katikati, kutoka upande wa klachi mpaka kwenye kifuniko cha nyuma. Beringi iko huko nyuma, ikisukumwa na mkono mdogo unaovutwa na waya na kufunikwa kwa mpira, kwa hiyo yenyewe peke yake hutolewa kwa nyuma, giaboksi ikiwa mahali pake. Fundi aliyekwambia lazima ishushwe huenda amezoea magari, ambako rilizi hukaa mbele, upande wa flaiwili, na haifikiki giaboksi ikiwa imefungwa. Sipendi kumdhania mtu ubaya kabla sijamdhania mazoea.

Kazi yenyewe huanzia kwenye usukani. Legeza waya wa klachi mpaka uwe huru kabisa, chomoa ncha yake kwenye mkono wa giaboksi, kisha safisha eneo lote kwa brashi na mafuta ya taa, kwa sababu tundu unalotaka kulifungua linaingia moja kwa moja ndani ya giaboksi na mchanga hauna kazi humo. Toa pini ya mkono, toa mkono wenyewe, vuta mpira, halafu toa vipande vya ndani kimoja baada ya kingine. Nafasi ni finyu na vidole vya mtu mzima haviingii vizuri, lakini sumaku ndogo yenye mpini mrefu huvitoa bila kuviumiza. Kila kinachotoka kipange juu ya gazeti kwa mfuatano uleule, kikielekea upande uleule kilioelekea ndani, na ukipige picha kwa simu kabla ya kukiosha. Katika kazi hii kosa la kugeuza washa (pete bapa ya chuma), ule uso mgumu uliosuguliwa ukaelekea kusiko, huua beringi mpya upesi kuliko ubovu wa beringi yenyewe.

Ukishaviosha, vitazame mchana kwenye mwanga wa jua. Nyuso ambazo gololi au sindano hupita juu yake zinatakiwa ziwe laini na zenye kung'aa kwa usawa. Ukiona vishimo, mifuo au madoa ya kutu, seti nzima hubadilishwa pamoja na washa zake, si gololi pekee. Kisha angalia ncha ya fimbo inayoonekana. Rangi ya buluu au zambarau maana yake ni kwamba chuma kilipata moto wa msuguano hadi kikapoteza ugumu kilichopewa kiwandani. Fimbo ya namna hiyo italika hata ukiipa beringi mpya, ikilika inakuwa fupi, ikiwa fupi leva inapoteza mwendo wake wa kuachia klachi, na mwenye pikipiki hukaza waya ili aurudishe, akidhani amerekebisha. Wapo wanaoongeza urefu wa fimbo kwa kuichomelea. Nawasihi wasomaji wasikubali, kwa sababu moto wa kuchomelea huondoa ugumu palepale unapohitajika, na tone la chuma lililobaki pembeni huweza kukwaruza tundu la shafti, ambayo bei yake si ya kulinganishwa na ya fimbo.

Usiagize beringi kwa jina la modeli pekee. BMW bado inauza spea nyingi za pikipiki zake za zamani, lakini katika muda wa nusu karne giaboksi za mashine hizi zimehamishwa kutoka fremu moja hadi nyingine, na rilizi zake si za aina moja. Toa iliyomo, ipime kwa vernia, kile kipimo cha kubana cha milimita, ilinganishe na picha ya muuzaji, ndipo ulipe.

Jambo ambalo hukuliuliza ni oili. Rilizi hii hulainishwa na oili ya giaboksi, ambayo kwa jumla ni kama lita 0.8 tu, kwa hiyo ikipungua kidogo ni upungufu mkubwa. Kabla hujaagiza chochote, fungua kizibo cha chini na utazame kinachotoka. Oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia, na katika BMW hizi njia yake inayojulikana ni kile kipira kinachofunika mahali waya wa spidomita unapoingia nyuma ya giaboksi. Kikipasuka, maji ya mvua za masika hupita hapo hadi ndani, na kwa pikipiki iliyolala bandani katika unyevu wa Mombasa, kutu kwenye beringi si ajabu hata kidogo. Kipira hicho ni rahisi, na nakushauri ukiagize pamoja na beringi, ama sivyo utaifanya kazi hii tena.

Ukirudisha kila kitu, paka oili safi ya giaboksi kwenye vipande, hakikisha mpira umekaa katika mfuo wake pande zote, na urekebishe waya ili leva ya usukani iwe na ulegevu wa kama milimita 2, ukipimwa pale leva inapokutana na kishikizi chake, kabla haijaanza kusukuma chochote.

Kuna hali moja ambayo ningekubaliana na gereji yako. Ikiwa klachi inateleza, injini ikipandisha mlio bila pikipiki kuongeza mwendo, au ikiwa unasikia harufu ya kuungua, inawezekana oili imeifikia pleti kavu. Fimbo ya klachi ina pete ya felti inayozuia oili ya giaboksi isitambae kufuata fimbo mpaka mbele, na ikichakaa haizuii tena. Sili ya nyuma ya injini nayo inaweza kuvuja mahali hapohapo. Hapo giaboksi ishushwe, na ikishashuka meno ya shafti inakoingia pleti yasafishwe na kupakwa grisi nyembamba inayostahimili moto, kwa kuwa yakikauka yanalika na kuifanya klachi iwe nzito na yenye kushtuka. Ila hiyo ni kazi nyingine yenye sababu nyingine, na mlio wako peke yake haujaiita.

*Fundi wangu ameitoa beringi ya rilizi, akaiosha kwa petroli, akaitia grisi na kuirudisha. Anasema inazunguka vizuri mkononi. Je, inatosha? Msomaji wa Changamwe.*

Bwana, mkononi karibu kila beringi huzunguka vizuri. Beringi ya gurudumu hubebeshwa uzito kutoka juu, lakini rilizi hukandamizwa kwa ubavu na springi za klachi zikikataa kusukumwa, na kasoro yake hujificha mpaka ikandamizwe hivyo. Iwekwe juu ya meza tambarare, ikandamizwe kwa kiganja kwa nguvu zote, kisha izungushwe taratibu: ikikwama mahali, au mkono ukahisi chembechembe, haifai. Ikipita laini na gololi zake zikiwa hazina doa, irudishwe, lakini wakati mwingine isafishwe kwa mafuta ya taa na si petroli, ambayo mvuke wake gerejini ni hatari. Grisi si kosa mahali palipo pakavu. Kwenye klachi inayoogelea katika oili, grisi nyingi haina faida, maana oili ndiyo inayolainisha na grisi itaoshwa tu.

*Mheshimiwa mhariri wa ukurasa, ninayo Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1967, naiendesha Ijumaa na Jumapili tu. Klachi haiachii sawasawa: nikiwa nimesimama kwenye taa na leva imebanwa, pikipiki bado inataka kwenda, na kuipata frii ni taabu. Muuza spea mmoja akaniuzia beringi ya rilizi akisema ndiyo dawa. Fundi wangu amefungua na haoni pa kuiweka. Ni mimi, mkazi wa Mji wa Kale.*

Maalim, fundi wako haoni pa kuiweka kwa sababu hapapo, na nampa heshima kwa kutoilazimisha. Triumph za cc 650 za tangu 1963, ambazo injini na giaboksi ziko katika bodi moja, hazina beringi ya rilizi ya namna uliyouziwa. Ndani ya kava la nje la giaboksi kuna sahani mbili za chuma zenye vitako vya mteremko, na katikati yake gololi tatu. Waya ukivuta, sahani moja hujigeuza, gololi hupanda miteremko na kuzitenganisha sahani, na mwachano huo mdogo ndio unaoisukuma fimbo inayopita ndani ya shafti mpaka kwenye skrubu iliyo katikati ya presha pleti, ile sahani ya nje inayozibana pleti za klachi kwa nguvu ya springi. Vitu vinavyochakaa hapo ni miteremko ya sahani, gololi zenyewe na ncha mbili za fimbo. Kama sahani zimechimbika mahali gololi zinapolala, zibadilishwe. Kama ziko laini, zipakwe grisi na kurudishwa. BSA na Norton nyingi za enzi hiyo nazo husukuma fimbo kwa mkono au kwa gololi bila beringi ya rilizi, kwa hiyo wenzako wenye mashine hizo waulize kabla ya kununua.

Hata hivyo ugonjwa unaoueleza huenda hauko upande huo kabisa. Klachi inayoburuza katika Triumph kwanza hutafutwa kwenye marekebisho. Legeza waya wote ulegee kabisa, fungua kizibo cha kava la primari (lile linalofunika klachi) upande wa kushoto, legeza nati ya kufungia iliyo katikati ya presha pleti, kaza skrubu kwa bisibisi mpaka ihisi imegusa fimbo, kisha irudishe nyuma kati ya nusu mzunguko na mzunguko mmoja, na ufunge nati huku bisibisi imeishikilia skrubu isigeuke. Ndipo urekebishe waya, uache ulegevu wa kama milimita 3 kwenye leva. Watu wengi huanza na waya na kuiacha skrubu ya kati ilivyo, na matokeo yake gololi huanza safari zikiwa tayari zimepanda mteremko, na nusu ya mwendo wa leva imepotea kabla ya kubanwa.

Kama bado inaburuza, kava lote la primari litolewe. Bana leva, sukuma kiki polepole kwa mkono, na utazame presha pleti inavyozunguka. Ikiyumba, upande mmoja ukitoka zaidi ya mwingine, nati tatu za springi hazijakazwa sawa, na utaongeza au kupunguza mojamoja mpaka pleti izunguke wima. Ni kazi ya subira, si ya nguvu. Angalia pia kuta za nyumba ya klachi mahali masikio ya pleti yanapoingia, kwa sababu pleti hugonga na kuchimba vishimo humo, kisha zinanasa katika vishimo hivyo badala ya kuteleza na kuachana. Vishimo vidogo huondolewa kwa tupa. Vikubwa huhitaji nyumba mpya. Na kwa kuwa unaiendesha mara mbili kwa wiki, pleti zitakuwa zimeshikana kila unapoianza: kabla ya kuiwasha, bana leva na upige kiki mara chache mpaka uhisi zimeachana.

Beringi uliyouziwa irudishe dukani na risiti yake.

*Fundi, mimi ni wa Likoni, nina Honda CG125 ya mwaka 1982 ambayo bado inafanya kazi kila siku, navuka kwa feri asubuhi na jioni. Shida ni beringi ya rilizi. Naibadilisha, baada ya miezi michache inalia tena, na mara ya mwisho gololi zilikuwa zimetawanyika ndani ya oili. Nimejaribu beringi za maduka tofauti. Tatizo ni mashine au ni beringi?*

Ndugu yangu, kabla ya lolote, oili hiyo yenye vipande vya chuma imwagwe yote, na kava la kulia litolewe ili kila kipande kitafutwe mpaka hesabu ya gololi itimie. Ukishafungua upande huo utaiona pia chujio ya kuzunguka iliyo kwenye ncha ya kranki, yaani shafti kuu ya injini, jirani na klachi, ambayo hukusanya uchafu wa oili kwa nguvu ya mzunguko. Isafishe hapohapo, maana wengi hawaigusi mpaka injini ife.

CG125, ambayo Honda iliianza mwaka 1976, ina klachi ya pleti nyingi ndani ya oili. Kwenye kava la kulia kuna mkono mdogo unaovutwa na waya, nao husukuma kijiti ambacho hukandamiza pete ya ndani ya beringi iliyokalishwa katika sahani, na sahani hiyo imefungwa kwa bolti nne juu ya springi za klachi. Muundo huu ni mzuri na ukiachiwa unadumu miaka. Beringi ikifa kila miezi michache, basi ama inabebeshwa kazi isiyo yake, ama inaingizwa vibaya, ama ni bandia, na kwa barua yako nashuku yote matatu kwa viwango tofauti.

Kinachonishughulisha zaidi ni feri. Katika foleni ya kuteremkia Likoni nawaona waendeshaji wengi wameweka gia ya kwanza na kubana leva kwa dakika nyingi, wakisogea hatua mbili na kusimama tena. Muda wote huo beringi iko chini ya mzigo wote wa springi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kubanwa sekunde chache wakati wa kubadilisha gia, si kwa ajili ya kusubiri meli. Weka frii kila unaposimama na uachie leva, na foleni isiposogea zima injini, utaokoa na petroli pia. Hilo peke yake huenda likamaliza nusu ya tatizo lako.

Nusu nyingine iko kwenye waya. Chumvi ya hewa ya bahari huingia ndani ya ala ya waya, waya unashika kutu, na ukishashika kutu haurudi wote leva inapoachiwa. Beringi hubaki inasukumwa kidogo wakati wote, mchana kutwa, na wewe hujui kwa sababu klachi bado inashika. Chomoa waya pande zote mbili na uuvute kwa vidole: ukikwaruza, ubadilishe, kwani waya ni rahisi kuliko beringi na kazi yake. Ukiwa laini, tia oili nyembamba kwa juu mpaka itokee chini. Kisha pima ulegevu kwenye ncha ya leva, ambao kwa Honda hii unatakiwa uwe kati ya milimita 10 na 20, na uupime tena usukani ukiwa umegeuzwa kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, kwa kuwa waya uliopitishwa njia mbaya chini ya tangi hujikaza usukani unapogeuka.

Kuhusu ununuzi, beringi husomwa kwa namba yake. Kwa mfano 6001 ni tundu la milimita 12, kipenyo cha nje milimita 28 na unene milimita 8, iwe imetengenezwa Japani, Ulaya au China. Sisemi yako ni hiyo, soma iliyotoka na uithibitishe kwa vernia kama maandishi yamefutika. Chagua iliyo wazi pande zote mbili, isiyo na vifuniko vya mpira, ili oili ya injini ipite kati ya gololi. Tahadhari na bandia. Kampuni ya SKF yenyewe imekuwa ikiwaonya wanunuzi kuhusu beringi zinazouzwa kwa jina lake bila kutengenezwa nayo, na bei ya chini mno pamoja na boksi lenye maandishi yaliyofifia vinatosha kukufanya uondoke dukani.

Muulize pia fundi wako jinsi anavyoiingiza. Katika sahani ya CG ni pete ya nje ndiyo inayobana, kwa hiyo nguvu yote itumike kwenye pete ya nje, kwa soketi yenye kipenyo kinachokaribia chake, ikisukumwa polepole katika jiliwa. Anayegonga pete ya ndani kwa nyundo anaipitisha nguvu hiyo kwenye gololi, nazo huacha alama ndogo kwenye njia zake. Beringi inaingia ikiwa mpya na tayari mgonjwa. Kijiti kinachoisukuma nacho kitazamwe kichwa, kikiwa kimelika upande mmoja kibadilishwe.

Bolti nne za springi ni ndogo, na nguzo zinazoingia ni za aluminiamu. Zikazwe kwa kupishana, mojamoja kidogo kidogo, mpaka zote zikae, kisha zimaliziwe kwa nguvu ya kama niutoni-mita 12, ambayo kwa spana fupi ni nguvu ya kifundo cha mkono tu. Nguzo ikivunjika hapo utatafuta kipande kizima chenye nguzo hizo, na kwa CG ya 1982 kukipata cha asili si jambo la siku moja. Weka gasketi mpya kwenye kava, jaza oili safi mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia, rekebisha waya, na baada ya siku chache za kazi upime ulegevu tena, kwa kuwa waya mpya hunyooka mwanzoni na kipimo cha siku ya kwanza hubadilika.